Sauti Yangu kwenye Bafle la Kwaya

Leo nimeumbuliwa na mdomo wangu mwenyewe. Tena mchana kweupe. Tena kwa bafle, spika kubwa la kwaya!

Nimefika nyumbani muda si mrefu, hata viatu sijavua. Naandika upesi kabla kocha Faustin hajaanza kuwasimulia kwa namna yake. Yeye ataongeza chumvi, na habari hii haihitaji chumvi hata punje.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Papa Mwamini, fundi wa baiskeli hapa Mangobo. Binti yangu Mwamini ana miaka kumi na sita, anacheza namba tisa katika timu ya wasichana ya Faustin. Nyumbani tuko wawili tu. Mama yake alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo mimi napika ugali, yeye anapika vyote vinavyolika. (Ukipita karakana yangu ukaona plasta ya ukuta imebanduka kwa chini, ni mpira wake huo. Nimemgombeza kwa ajili ya ukuta ule mpaka koo limekauka.)

Basi kuna mama mmoja, Coach Solange. Alizaliwa hapa hapa Kisangani, siku hizi yuko Kanada kwenye akademia moja ya mpira yenye shule ya bweni. Kazi yake ni kutafuta vijana wenye kipaji. Mwezi uliopita alimwandikia Faustin: nirekodie mechi nzima ya huyo namba tisa wako. Nzima! Usikate hata dakika moja. Watu wengine humtumia mabao matupu, mtoto anafunga, anafunga tena, na muziki juu yake. Yeye hataki. Anataka kuona mtoto akipoteza mpira anafanya nini.

"Nani atarekodi?" Faustin akauliza.

Nikajitokeza. Mkono wangu hautetemeki, wote mnajua, nanyoosha rimu iliyopinda kwa jicho tu. (Sifa hizo nilijipa mwenyewe, mbele ya wazazi wote. Zikumbukeni.)

Jumapili iliyopita nikasimama kando ya uwanja dakika zote tisini, simu mkononi. Picha safi! Ila kuna jambo moja kuhusu simu yangu. Haisemi. Siku moja ilitumbukia kwenye beseni la maji ninalotafutia matundu ya tyubu, ikatoka hai lakini bubu. Kwa hiyo nilipoikagua mechi niliikagua kimya kimya, nikaridhika, nikamkabidhi Faustin, naye akaituma Kanada. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba simu isiyosema inaweza kusikia.

Katika mechi hiyo Mwamini alikosa penalti. Dakika ya themanini, bila bila, mpira ukapaa juu ya mwamba ukaingia majanini. Wiki nzima mtoto hakula vizuri.

"Papa," akaniambia, "Kanada ilikuwa kwa muguu yangu, nikaitupa."

Nikamnunulia mikate ya kukaanga. Nikakaa naye kwenye benchi la karakana, nikamwambia: "Ni bahati mbaya tu, mama. Inapataka kila mutu." (Nilisema hivyo huku namtazama machoni. Mimi huyu huyu.)

Leo sasa. Coach Solange alitaka kuzungumza na wasichana na wazazi, tutazame mechi pamoja. Saa tisa alasiri ya kwetu, kwao asubuhi. Faustin akapata ukumbi wa parokia kule Kabondo, akaazima projekta na kompyuta kwa mwalimu mmoja na bafle kwa kwaya. Bafle lile mnalijua, likikohoa tu mtaa mzima unageuka. Madirisha yakazibwa kwa vitenge ili picha ionekane. Mimi nikavaa koti nililooa nalo, nikakaa mstari wa mbele na binti yangu. Sisi wawili tu ndio Waislamu ukumbini, na mimi nilikuwa nangojea makofi, maana mrekodi ni mimi!

Coach Solange akatokea kwenye simu ya Faustin, iliyoegemezwa kwenye chupa mezani.

"Mbote na ninyi bote! Bon, tuangalie pamoja. Faustin, weka na sauti, minataka musikie vile mutoto anaongea na benzake."

Sauti? Sikuelewa. Nikaelewa sekunde tatu baadaye.

"MAMA, KARANGA HII IKO NA MUCHANGA! ONGEZA KILOKO!"

Ilikuwa mimi, nikimdai muuza karanga nyongeza kidogo. Ukubwa wa ukumbi. Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, ningefanyaje? Faustin alikuwa anaruka baadhi ya dakika kama Coach Solange anavyomwelekeza, mara dakika ya kumi, mara ya thelathini, na kila anaposimamisha pale, mimi nipo. Napiga chafya. Namuuliza mwamuzi kama macho ameyaacha nyumbani. Halafu, dakika ya hamsini:

"GARDIENNE HUYU ANASHIKA BALO SAWA ANASHIKA MUHOGO YA MOTO!"

Mama Antoinette, mama wa huyo kipa, alikuwa nyuma yangu kabisa. Nikahisi pumzi yake shingoni.

"Papa Mwamini. Mutoto yangu?"

"Mama, hiyo ni rezo," nikausingizia mtandao.

"Rezo njo inaongeaka na sauti yako?"

Ukumbi ukacheka tena. Hata Mwamini alicheka, jamani, mara ya kwanza wiki hii, akaniegemezea kichwa begani. Na hapo hapo, kichwa chake kikiwa begani kwangu, nikakumbuka dakika ya themanini.

Nikakumbuka nilichosema. Nilikisema kwa kunong'ona, lakini simu ilikuwa karibu na mdomo kuliko kitu kingine chochote uwanjani. Jasho likanitoka mpaka ndani ya koti la harusi.

"Coach," nikamwita Faustin, "tupunguze sauti kidogo."

"Kaa, papa. Anataka sauti."

"Bafle ya kwaya itaharibika."

"Papa Mwamini, kaa chini!"

Kwenye projekta Mwamini akaonekana anauweka mpira kwenye nukta. Kwenye simu Coach Solange akainua mkono haraka: "Faustin, hapana, hiyo penalti uiruke, uanze ba..." Mtandao ukakatika. Akaganda na mdomo wazi.

Ningetulia labda Faustin angeelewa. Sikutulia. Niliruka. Nikapita juu ya miguu ya watu, nikafika nyuma ya meza, palikuwa na nyaya mbili, mmoja wa bafle na mmoja wa projekta. Fundi mimi! Ninayeshinda na nyaya za breki mchana kutwa! Nikashika mmoja, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Picha ikazimika.

Ukumbi ukawa giza, hakuna cha kutazama, watu mia wamebaki na masikio tu. Na bafle la kwaya, safi kabisa, bila mkwaruzo, likasema kwa sauti yangu:

"Ee Mungu, akose. Leo tu, akose. Mama yake ulishachukua. Huyu uniachie. Akose, Mungu wangu, akose."

Kisha teke. Kisha uwanja mzima ukisema "Aaah!"

Kisha mimi tena: "Asante. Asante, Mungu."

Mtu akashusha kitenge dirishani, mwanga ukaingia, nikaonekana nimesimama mbele ya wote na waya mkononi. Hakuna aliyecheka. Hata Mama Antoinette alitazama chini. Ningefurahi wangecheka.

Mwamini alikuwa amesimama.

"Papa, weye uliomba nikose?"

Nilitaka kusema ni rezo. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini wiki nzima nilikuwa nimemdanganya yule mtoto na mikate, nikachoka.

"Ndiyo, mama."

Alikaa, lakini hakukaa pale alipokuwa amekaa. Alikaa kiti cha tatu kutoka changu.

Mtandao ukarudi. "Allô? Faustin? Umeruka penalti?" Coach Solange akatutazama mmoja mmoja, akaona waya mkononi mwangu. "Ah," akasema. "Haukuruka."

Kumbe alijua! Alikuwa ameisikia tangu siku ya kwanza, na alitaka kunisitiri. Mimi ndiye niliyejivua nguo.

"Papa," akaniambia, pole pole, "tangu niko na kazi hii nasikiaka bapapa wanaomba mutoto afunge. Wanapiga magoti, wanalia, wanatukana arbitre. Papa wa kuomba mutoto akose, weye ni wa kwanza. Na mimi nilisikia juu ya nini uliomba. Nikaacha kazi kiloko siku ile, nikapigia papa yangu simu. Bon. Faustin, rudisha picha. Dakika inayofuata. Bote muangalie muzuri."

Nikauchomeka waya mwenyewe. (Safari hii sikukosea.)

Mpira uko majanini. Namba tisa amesimama pumzi moja tu. Hashiki kichwa, haanguki, hamtazami mtu. Mpira unapigwa mbele kutoka golini kwao, Mwamini anageuka na kukimbia uwanja wote, kutoka goli lao mpaka goli letu, anampokonya mpira mshambuliaji wao ambaye amebaki yeye na kipa tu. Kipa ndiye binti wa Mama Antoinette, muhogo tayari mikononi. Mwamini anauondoa mpira, anainua mkono, anapiga kelele: "Tusimame imara! Wakati ungalipo! Tusimame bote!"

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na sauti nyingine, inavuma vuma. Watu walidhani ni upepo kwenye simu. Nilikuwa nalia.

Nilikuwa sijawahi kuiona dakika ile. Niliirekodi kwa mkono wangu, lakini macho yalikuwa yamejaa maji, na nilipoikagua nyumbani niliiruka kwa sababu ya aibu.

"Hii njo minatafuta," Coach Solange akasema. "Penalti tutamufundisha. Hii, hakuna mutu anafundishaka. Kama angefunga, ningeona bao tu, na bao ninaona kila siku. Mwamini, wiki tatu za majaribio, uje hapa kwetu. Ikienda vizuri, unabakia kwa shule."

Wasichana wakamrukia. Vigelegele. Faustin akacheza kama kichaa. Nami nikabaki nyuma ya meza, naelewa taratibu.

Niliomba akose ili asiende. Akakosa. Na kwa sababu alikosa, anaenda.

Kurudi nilimpakia kwenye baiskeli kama kawaida. Siku zote hunishika shati kwa nyuma, na kwenye mteremko hupiga mluzi. Leo alishika kiti. Hakupiga mluzi. Kutoka Kabondo mpaka Mangobo, niseme ukweli, hilo lilinichoma kuliko ukumbi mzima.

Tulipofika akashuka kabla sijasimama, akachukua mpira wake, akaanza kuupiga ukutani. Sikumgombeza. Nikaingia karakana, nikakaa kwenye benchi, nikasikiliza. Nikajaribu kufikiria nyumba hii bila kishindo kile. Nikashindwa, nikaacha.

Kishindo kikanyamaza. Akaingia na karatasi aliyopewa na Faustin, ruhusa ya mzazi, akaiweka juu ya gurudumu nililokuwa nalitengeneza asubuhi.

"Saini, papa."

"Mwamini, mimi..."

"Minajua. Nilisikia yote, si 'akose' peke yake." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nilifikiri muguu yangu njo mubaya. Wiki nzima. Ungeniambia tu."

"Ningekuambia nini? Usiende?"

"Ndiyo. Ningekataa. Lakini ungeniambia."

Akanipa kalamu.

"Saini. Na leo usiombe kitu."

Nikasaini. Ule mkono usiotetemeka, niliousifia mbele ya wazazi wote, ulitetemeka mpaka jina langu likatoka mstarini. Aliliangalia.

"Imepinda," akasema.

"Nitanyoosha," nikasema.

Alikaribia kucheka. Karibu. Kisha akarudi nje.

Yuko huko sasa, anapiga ukuta. Plasta inaanguka, na mimi nataka ianguke yote, leo na kesho na siku zote zilizobaki.

Basi, ndugu zangu, nawaomba msinicheke. Mkishindwa kujizuia, chekeni kwa kunong'ona, na muwe mbali na simu.