Ngazi Tuliyoificha Siku ya Mkaguzi

Leo nimeaibika nikiwa hewani. Si kwenye ndege. Ni kwenye mkanda wa usalama, saiti, hapa Pasiansi kando ya ziwa, mbele ya mkaguzi.

Nieleze taratibu, ili asiyejua mambo ya ujenzi asiachwe nyuma. Kampuni yetu ni ndogo, inajenga nyumba za watu. Sasa tunataka kuomba kazi ya kujenga zahanati kule Kisesa, na maombi hayapokelewi bila cheti cha usalama kazini. Tukikosa cheti, nyumba hii ikiisha mafundi wote wanakwenda kukaa nyumbani. Msimamizi wa usalama ni mimi. (Nilihudhuria mafunzo. Nilikaa mstari wa mbele.) Mafundi wananiita Mwalimu kwa sababu napenda kueleza.

Jana tulifanya usafi. Kwa lugha ya saiti, usafi maana yake ni kuficha. Tulikodi majukwaa ya chuma, tukaazima kofia ngumu na mabuti. Ile ngazi yetu ya mirunda, yaani miti mitupu, iliyofungwa kwa mipira ya tairi, tukailaza nyuma ya jiwe kubwa na kuifunika turubai. Ngazi hiyo ina kipandio kimoja kinachozunguka ukikikanyaga. Wazoefu wanakiruka. Wageni wanakifahamu wakiwa chini.

Leo asubuhi mkaguzi wa cheti akafika. Mama mtu mzima, mpole, sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngazi zenu ziko wapi?"

Hata maji hajanywa. Nikamjibu, "Mama, sisi ngazi hatutumii. Tuna majukwaa."

"Na pale chini ya turubai?"

"Taka tu, mama. Zinasubiri gari."

Masanja, fundi wetu mkuu, akageuka kuangalia ziwa. Masanja akisikia uongo huwa anaangalia ziwa.

Mambo yangeishia hapo. Lakini mama akauliza kama tunajua kutumia mikanda ya usalama. Ndugu zangu, swali hilo alimuuliza mtu anayependa kueleza. Nikavaa mkanda, ule unaopita mabegani na mapajani, nikapanda jukwaa, nikafunga kulabu kwenye bomba la juu, nikawageukia mafundi.

"Mkanda ni rafiki," nikawaambia. "Ukiteleza, haukuachi. Unaweza hata kuegemea nyuma hivi, bila hofu..."

Nikaegemea. Buti la kuazima, kubwa kuliko mguu wangu, likabaki kwenye ubao. Mimi nikaenda.

Mkanda ulifanya kazi. Naomba hilo likumbukwe. Nikabaki naning'inia juu ya vichwa vya watu, nikizunguka polepole kama mshikaki, kidole gumba kikichungulia kwenye tundu la soksi. (Nani huvaa soksi nzima ndani ya buti?)

Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri, Mwalimu. Hilo tumelielewa. Sasa tufundishe la pili. Mtu akishaning'inia, mnamshushaje?"

Mimi niliyezoea kujibu kabla ya kuulizwa, nikawapungia mafundi mkono wapande.

Mafundi wawili wakapanda jukwaani wakajaribu kunivuta. Wakachoka. "Mwalimu," mmoja akahema, "kwani ule ugali huwa unaula peke yako?" Mama ntilie anayetupikia hapo saiti naye akapaza sauti kutoka jikoni kwake, "Mwalimu, chai nikuletee huko huko au utashuka?"

Mkanda ukaanza kunikaba mapaja. Mkaguzi akaona, na upole wote ukamtoka. "Mtu haachwi akining'inia hivi, damu inakwama miguuni. Leteni kitu cha kusimamia. Haraka."

Mafundi wakamtazama Masanja. Masanja akanitazama mimi. Nikazunguka, nikampa mgongo. Nikazunguka tena, bado ananitazama.

"Mwalimu," akasema, "tulete taka?"

"Leteni."

Ngazi ikatoka chini ya turubai, mipira ikiburuzika. Wakaisimamisha, nikaweka mguu. Masanja akaninong'oneza kwa sauti iliyofika barabarani, "Kile kinachozunguka, kiruke."

Nilipogusa ardhi, mkaguzi alikuwa amekishika kile kipandio, anakizungusha kwa kidole kimoja. "Hizi taka," akasema, "zinaonekana zina uzoefu mkubwa."

"Mama, ngoja nikueleze..."

"Usieleze."

Kwa mtu kama mimi, hiyo ndiyo adhabu yenyewe.

Cheti leo hatukupata. Ila hakutufungia mlango. Atarudi wiki ijayo akute ngazi ya kweli, na kila fundi amwonyeshe jinsi ya kumshusha mtu. Zahanati bado tunaiota. Ile ngazi ya mirunda ilikatwakatwa mbele yake, mama ntilie akapewa kuni. Mchana tumekula maharage yaliyopikwa kwa ushahidi. Mkaguzi naye alikula. Akasema yameiva vizuri.

Kesho tunaanza mazoezi ya kushusha mtu. Mafundi wamepiga kura nani awe wa kuning'inizwa. Matokeo msiniulize.

Kwa wenzangu mnaosubiri mkaguzi: ukificha ngazi, hakikisha kwanza wewe mwenyewe uko chini.