Mfuko Ulioongea Kireno

Dona Zuleide alivuka Daraja la Urafiki kwa miguu, mwavuli wa jua mkono huu na mkoba wa ngozi mkono ule. Kabla hajakanyaga lami ya upande wa Paraguai, Lino Bogado alikuwa keshamla kwa macho, keshamtafuna, na sasa alikuwa anatafuta kijiti cha kuchokonolea meno.

Tumwelewe Lino. Ilikuwa Desemba, joto la kukaanga yai juu ya boneti ya gari, na Wabrazili walikuwa wanamiminika mjini kununua zawadi za Krismasi kana kwamba kesho umeme utapigwa marufuku. Katika msimu kama huo kijana mwenye shati lililopigwa pasi na ulimi uliopakwa asali hana sababu ya kulala njaa. Shingoni alivaa kitambulisho chenye picha yake, jina lake na maneno MSHAURI WA ZAWADI. Mhuri wake aliugonga kwa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, lakini ni nani anayesoma mhuri kwenye jua kali namna ile?

Kazi yake ilikuwa safi, tena karibu yote ilikuwa halali. Alimpeleka mteja kwenye duka la kweli, mteja akanunua kitu cha kweli, akapewa risiti ya kweli. Kisha Lino, kwa heshima zake zote, alimbebea mfuko. Njiani alimshauri mteja apumzike kidogo kwenye meza ya Ña Deolinda, yaani Bi Deolinda, muuza chipa, ile mikate ya jibini inayoliwa ikiwa moto. Chini ya meza ile, nyuma ya kitambaa kilichofika chini, kulikuwa na mfuko pacha: rangi ile ile ya buluu, zipu ile ile, uzito karibu ule ule. Ndani yake kulikuwa na vigae vya sakafu vilivyofungwa magazeti. Mteja akiondoka anakuwa na vigae, na Lino anabaki na Krismasi.

Ña Deolinda alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa hajui kufunga vifungo. Alikuwa mcha Mungu sana, kwa hiyo mifuko ilipobadilishwa aliangalia juu mbinguni, asije akaona dhambi. Alivumilia yote hayo kwa ajili ya friji. Kila mwaka Lino alimwapia kwamba Krismasi hii ndiyo hii, friji inakuja, utauza juisi baridi na kuacha kuungua mkono kwenye tanuri. Friji haikuja. Mwishowe shangazi akaanza kujiwekea akiba mwenyewe kidogo kidogo ndani ya kopo chini ya chipa.

"Karibu sana, mama," Lino alisema kwa Kireno kilichonyooka, akipokea mwavuli kabla hajapewa. "Umekuja kutafuta zawadi za wajukuu, na huna hakika ununue nini."

"Umejuaje, mwanangu?"

"Macho yako yana upendo mwingi na wasiwasi mwingi. Hiyo ndiyo sura ya bibi kwenye msimu huu. Mimi ni mshauri."

"Mshauri wa serikali?"

"Ningependa, lakini serikali hailipi vizuri."

Dona Zuleide alicheka, akamshika mkono, na wakaenda zao kwa Fadel.

Fadel alikuwa na duka kubwa la vifaa vya umeme, lenye viyoyozi vya kuganda masikio. Alimjua Lino na hakumpenda, ila hakuwahi kumkamata na lolote. Alipomwona ameingia na bibi mwenye miwani ya dhahabu, aliguna tu na kurudi kwenye kikombe chake cha kahawa.

Lino alidhani wangemaliza haraka. Hapo ndipo alipokosea hesabu ya kwanza, maana Dona Zuleide alichagua zawadi kama mtu anavyochambua mchele wa harusi.

"Hizi hedifoni," aliuliza, "mtoto akizivaa atasikia akiitwa kula?"

"Hasikii kitu, mama. Hata radi."

"Basi hazifai. Nionyeshe zilizo mbovu kidogo."

Walipofika kwenye vishikwambi aliuliza kipi kinavumilia kuangushwa, kipi kinavumilia kukaliwa, na kipi kinavumilia kutapikiwa na mbwa. Mashine ya gemu akataka iwashwe, akacheza mwenyewe, akafa mara nyingi, akamwambia Lino aendelee mpaka ajue kama inachosha. Lino akacheza. Wateja wengine wakasimama kumwangalia mshauri wa zawadi akirukaruka na upanga wa kwenye kioo huku jasho likimtoka.

Na kila kitu kilifunguliwa. Bibi alitoa miwani mingine, akaandika jina lake, akaweka neno lake la siri, akajaribu sauti, picha na ramani, akarudisha ndani ya boksi taratibu. Lino alitazama dari na kujiambia kwamba wazee ndivyo walivyo.

Hata hivyo hakulala. Kila bei alipigana nayo kama vile fedha inatoka mfukoni mwake, maana bibi akiokoa hapa angenunua pale, na vyote mwishoni vilikuwa vya Lino. Alimwita Fadel mnyonyaji, akamwita ndugu, akamkumbusha marehemu mama yake. Fadel, ambaye hajawahi kumwona Lino akifanya kazi ya kweli, alipunguza bei kwa mshangao tu.

"Unajua kazi, mwanangu," Dona Zuleide alisema. "Mtu kama wewe angekuwa tajiri."

"Niko njiani, mama."

Mfuko wa buluu ukanenepa. Kishikwambi kikaingia, mashine ya gemu ikaingia, saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo ikaingia, na spika nyeusi iliyotoa sauti ya kutetemesha vioo. Mwanaume mwenye kiasi angesema inatosha. Lakini Lino aliona simu.

Bibi naye alikuwa ameiona. Ilikuwa kwenye kabati la kioo peke yake, kama mtakatifu kanisani, simu ghali kuliko zote dukani. Dona Zuleide aliishika, akaweka ndani yake laini aliyoitoa kwenye mkoba, akaiunganisha na ile spika na kile kishikwambi, akaona vinaelewana. Kisha akatoa kadi ya benki, na kadi ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa tena.

"Nimefika mwisho," alisema kwa unyonge. "Basi, mwanangu. Tuirudishe."

Ilimuuma Lino kuliko ilivyomuuma bibi. Alipiga hesabu. Simu ile ikirudi kabatini, imepotea. Ikiingia kwenye mfuko, baada ya muda mfupi mfuko ni wake, na simu ni yake. Kwa hiyo akiilipia yeye mwenyewe, atakuwa amejilipia mwenyewe. Ilikuwa hesabu nzuri kiasi kwamba alishangaa kwa nini watu wengine hawaioni.

"Mama, usirudishe. Nitakukopesha. Utanilipa hotelini."

"Hujui hata jina la baba yangu."

"Uso wa mtu mwaminifu ninaujua."

Dona Zuleide alitabasamu mpaka jino la mwisho.

Fedha za Lino hazikutosha. Alikimbia hadi kwa shangazi yake, akalifikia kopo chini ya chipa.

"Hiyo ni friji," Ña Deolinda alisema.

"Inarudi saa hii hii, shangazi, tena na ndugu zake."

"Lino."

"Nakuapia kwa Bikira Maria wa Caacupé."

Shangazi wa watu alitoka juzi tu kuhiji Caacupé kwa miguu na malengelenge yalikuwa bado miguuni. Jina hilo lilimlegeza. Akaachia kopo.

Yaliyofuata yalikwenda kama maji. Simu ikalipiwa. Dona Zuleide akaomba ilazwe pamoja na spika, zote zikiwa zimewashwa, "zizoeane." Wakapumzika kwenye meza ya chipa, Ña Deolinda akaangalia mbinguni, mfuko ukaingia chini na mfuko ukatoka. Lino akambebea bibi vigae vyake hadi darajani, akampakiza kwenye pikipiki ya kukodi na kumbusu mkono.

"Njoo uchukue fedha zako," bibi alisema. "Hoteli ile yenye mitende, ng'ambo tu."

"Bila kukosa, mama."

Akarudi akipiga mluzi, akaketi kwenye kigoda kando ya shangazi yake, akavuta mfuko katikati ya magoti, akagusa zipu.

"Lino," mfuko ulisema.

Haukunong'ona. Ulisema kwa sauti iliyojaza barabara, sauti ya mwanamke, nzito, iliyotoka kila upande. Muuza soksi wa jirani aliangusha soksi. Ña Deolinda alifanya ishara ya msalaba, akapiga magoti juu ya malengelenge yake.

"Lino, mwanangu," mfuko uliendelea. "Rudisha mali ya watu."

"Ni Bikira," Ña Deolinda alisema. "Si ulimwapia? Amekuja."

"Shangazi, inuka."

"Lakini kwa nini anaongea Kireno?"

"Kwa sababu ni bibi wa Kibrazili, shangazi, inuka, watu wanatuangalia."

Watu walikuwa wanaangalia kweli. Wawili walishavua kofia. Mwanamke mmoja aliyebeba feni mpya aliuliza kama Bikira anatibu miguu. Lino alijaribu kuizima ile spika bila kufungua mfuko, akipapasa juu ya kitambaa kama anayetafuta paka kwenye shuka, na akafanikiwa kuiongeza sauti.

"Usisumbuke, mwanangu. Simu inajipokea yenyewe nikipiga kwa simu yangu ya zamani, ndivyo nilivyoiweka. Nakuona kwenye ramani. Uko pale pale tulipokula mikate. Ukienda mashariki nitakuona mashariki. Hata mapigo ya moyo wako, kama ungekuwa umevaa ile saa, ningeyaona."

Askari wa barabarani alipenya katikati ya watu. "Kuna nini hapa?"

"Muujiza," alisema muuza soksi.

"Nasikia sauti ya askari," mfuko ulisema. "Sauti nzuri. Lino, nimsimulie yeye, au utaniletea mwenyewe?"

Lino alisimama na mfuko kifuani. Alimwambia askari kwamba ni mzigo wa mteja, ameusahau, na yeye ndiye anayeupeleka. Akaondoka kwa hatua za mtu mwenye haraka asiyetaka kuonekana anakimbia. Darajani, katikati ya magari na wapita njia, mfuko ulimwelekeza: kaa kulia, angalia pikipiki, usikunje uso, wewe ni kijana mzuri.

Dona Zuleide alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa hoteli, viatu pembeni, miguu juu ya mfuko wa vigae. Mezani kulikuwa na karatasi za maua, mikasi na utepe.

"Keti," alisema. "Wewe kunja, mimi nitafunga."

Lino akaketi akakunja. Watalii walipita wakitabasamu kumwona kijana anavyomsaidia bibi yake.

"Ulinijua lini, mama?" hatimaye aliuliza.

"Ulipopokea mwavuli. Mimi nimeuza magari ya mtumba kwetu Brazili, mjini Maringá, maisha yangu yote. Nimerudisha nyuma kilomita kwenye mita mpaka magari mengine yakawa hayajazaliwa. Ukaniangalia kama mimi nilivyokuwa naangalia madaktari vijana wakija kununua gari la kwanza." Alikata utepe kwa meno. "Mkunjo huo umekaa vibaya. Rudia."

Lino akarudia. Alipofika kwenye simu, mikono ikasita.

"Na fedha za simu, mama?"

"Fedha gani?"

"Nilizokukopesha."

"Ah. Hizo zilikuwa gharama ya somo." Akaichukua simu na kuiweka kwenye mkoba wake. "Hii ni yangu mwenyewe. Wajukuu ni watoto, wataipasua."

Lino alifungua mdomo kutafuta neno tamu. Alikuwa na mengi, lakini hayakuja. Kilichotoka kilimshangaza mwenyewe.

"Si zangu. Ni za shangazi. Ni friji yake. Anaungua mkono kila alfajiri, na mimi namdanganya kila mwaka."

Dona Zuleide aliacha utepe, akamtazama juu ya miwani.

"Hilo ni la kweli," alisema. "Sauti yako imebadilika, imekuwa mbaya zaidi." Akafikiri. "Fedha sikurudishii. Nikikurudishia, kesho utakuwa darajani na kile kitambulisho. Lakini leo umenipunguzia bei mpaka yule mwenye duka alikuwa karibu kulia. Nipe namba yake."

Alizungumza na Fadel kwa ile simu mpya, kwa muda mrefu, akicheka mara mbili. Lino alisikia neno "kamisheni" na akatega sikio, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa na daktari. Kisha bibi akapiga simu nyingine, Maringá.

Asubuhi iliyofuata, basi kubwa kutoka Maringá lilisimama mbele ya duka la Fadel. Kitambulisho cha Lino kilikuwa kipya na mhuri ulikuwa wa duka. Ña Deolinda alikuwa ameweka kiti mlangoni, kando ya mashine ya risiti, mkono mmoja umenyooshwa wazi tayari. Yeye ndiye angepokea kamisheni, si Lino, na safari hii hakuwa anaangalia mbinguni. Alikuwa anaangalia mashine ya risiti bila kupepesa.

Mlango wa basi ulifunguka. Wakashuka marafiki wa Dona Zuleide, wastaafu wa biashara ya magari, wajane kwa wajane, miwani kwa miwani, na wote wana wajukuu. Lino aliwahesabu mpaka akaacha, maana basi lilikuwa bado linawatoa.

Wa kwanza alimshika mkono kwa nguvu ya mtu aliyezoea kugeuza usukani mgumu.

"Wewe ndiye mshauri? Tumesikia sifa zako," alisema. "Nina mjukuu wa miaka tisa, hapendi kitu chochote duniani. Tuanzie wapi?"