Wagonjwa 112 wa Kisaju

Kamati ya Wilaya ya Uratibu wa Hofu inaona fahari kuutangazia umma kwamba, kuanzia mwaka huu wa 2004, hakuna mwananchi atakayeogopa kiholela. Hofu zote zitasajiliwa, zitapigwa muhuri, na kutolewa saa za kazi. Mimi ndimi katibu. Naandika haya kwa ajili ya kumbukumbu, na kwa sababu mwenyekiti wetu, Bwana Njogu, kwa sasa hapokei simu.

Ombi la kwanza kutufikia lilikuwa la Evalyne Muthoki wa Kitengela, mama mmoja aliyekuwa akitengeneza filamu ya kutisha. Ndani yake wagonjwa wanne wa hospitali ya akili wanasimulia hadithi nne, kila mmoja yake, na ya nne inaisha hospitali ikiteketea. Alikuwa amekodi kipande cha shamba la mzee Mburu pale Kisaju, akajenga hospitali nzima kwa plaiwudi, akaipaka rangi nyeupe, kisha akasimamisha bango kubwa kando ya barabara ya Namanga: HOSPITALI YA AKILI, KISAJU. Hadithi tatu na nusu zilikuwa zimekwisha kurekodiwa. Kilichobaki ni kibali chetu cha kuichoma.

"Huyu mzimu wa hadithi ya kwanza," Bwana Njogu alimwuliza, "ni mkaaji wa wilaya hii?"

"Ni mzimu tu, mkubwa."

"Madam, kila mtu hutoka mahali. Ako na kitambulisho?"

"Alikufa."

"Basi alete cheti cha kifo. Yeye mwenyewe."

Tukaahirisha kikao.

Wakati huo muda wa kuandika ripoti ya mwaka ukafika. Ofisi yetu huandika maendeleo kisayansi: tunaingia kwenye Land Rover, tunashuka mpaka Namanga, tunahesabu mabango. Bango likiwapo, mradi upo. Bwana Njogu alipoona la Kisaju aliandika: hospitali, imekamilika. Fomu ikataka idadi ya wagonjwa. Akafikiri kidogo, akaandika 112, maana mia kamili ingeonekana ya kubuni.

"Mkubwa, ile ni ya filamu," nikanong'ona.

"Katibu, wewe unasoma bango ama unasoma moyo wako?"

Kuanzia hapo kuichoma kukawa hakuwezekani. Muthoki alikuja Jumanne, macho mekundu, mzee Mburu nyuma yake. Kamera ilikuwa ya kuazima na ilitakiwa Nairobi Ijumaa. Bila moto filamu haina mwisho, na miaka miwili ya jasho inaenda hivyo hivyo.

"Mkubwa, niko na siku tatu tu. Ile si hospitali. Ni mbao na misumari."

"Unataka kuchoma mali ya serikali, na wagonjwa mia moja na kumi na wawili wako ndani?"

"Wagonjwa wangu ni wanne! Na mmoja anauza mitumba Kitengela."

"Usidharau takwimu, madam."

"Na mimi nyanya zangu nipande wapi?" akauliza mzee Mburu. "Kwa wodi?"

Bwana Njogu akaagiza niandike kwamba wadau waliridhika.

Jumatano ikaja barua kutoka juu. Wakubwa walikuwa wamefurahi kupita kiasi. "Kwa kutambua juhudi zako," ilisema, "umeteuliwa Msimamizi Mkuu wa Hospitali ya Akili, Kisaju. Utahamia huko na familia yako Jumatatu. Tume ya kuwatembelea wagonjwa itafika siku hiyo, saa nne asubuhi."

Bwana Njogu aliisoma mara tatu, kila mara akikaa chini zaidi kwenye kiti. Kisha akatoa kibali cha Muthoki kwenye droo na kukitia sahihi akiwa ameshafika mlangoni.

Alhamisi asubuhi alikuwa Kisaju na mitungi miwili ya mafuta ya taa.

"Madam, choma."

"Leo? Jua halijakaa vizuri, mkubwa."

"Choma nikiona!"

Plaiwudi inashika moto vizuri. Bwana Njogu, suti na tai, alizunguka akipiga makofi na kuelekeza, "Hata ile kona! Maliza ile kona!" Muthoki hakuizima kamera. Ijumaa aliirudisha Nairobi filamu ikiwa na mwisho, na waliouona wanasema uso ule wa Bwana Njogu unatisha kuliko mizimu yote.

Jumatatu tume ilikuta majivu. Kiongozi wake, Daktari Priscilla, ni mama mpole sana.

"Pole, Bwana Msimamizi. Jengo tutajenga lingine. Wagonjwa wako wapi?"

"Walipona," alisema Bwana Njogu.

"Wote 112?"

"Wote."

"Huo ni ushindi mkubwa! Tupatie majina tuwafuatilie nyumbani." Akamkabidhi daftari jipya. "Una wiki mbili. Wasipopatikana, itabidi tuseme waliungua, na kibali cha moto nimeona kiko na sahihi yako."

Tangu siku hiyo Bwana Njogu anashinda stendi ya Kitengela na daftari kwapani, akisimamisha wapita njia na kuwauliza kwa adabu kama wangependa kuwa waliwahi kurukwa na akili. Wengi wanamjibu vizuri tu: "Mzee, nani amekuachilia?"

Wiki mbili zinaisha kesho. Daftari lina jina moja. Ni lake mwenyewe, kwa mwandiko wake, na tarehe ya kulazwa ameijaza vizuri. Ya kupona ameiacha wazi.