Ukumbi wa Kimataifa wa Placidi

Jumatatu, 11 Julai 1994. Mbinga.
Siku kubwa. Bi Tumpe, bibi shamba wetu aliyehamishiwa hapa kutoka Tukuyu, amesema wanunuzi binafsi wa kahawa watakuja Jumatano ya wiki ijayo kuonana na wakulima. Mara ya kwanza tangu serikali iwaruhusu. Anatafuta mahali pa kukaa watu sitini. Edmund amempa ukumbi wa baa yake, ila Bi Tumpe ni mlokole na harufu ya pombe inamkera. Nikamwambia mimi ninao ukumbi. Akauliza uko wapi, mbona hajawahi kuuona. Nikajibu kuwa unakamilishwa.
Ninalo banda la mahindi.

Jumanne, 12 Julai.
Nimekwenda kwa Mzee Kilian, jirani yangu. Nikampa shikamoo, nikaomba historia. Mwaka 1970 alikuwa Lusaka, wakati ule ukumbi mkubwa wa taifa, Mulungushi, unajengwa. Marais wa nchi zisizofungamana na upande wowote wako njiani, ukumbi haupo. Ukasimama kwa miezi minne hivi. Nimepiga hesabu. Kwa banda, siku nane ni nyingi.
Mzee atahutubia siku ya ufunguzi, kama fundi aliyejenga Lusaka. Alisitasita. Nikamwambia aache unyenyekevu. Edmund ana friji, lakini historia hana.

Alhamisi, 14 Julai.
Mahindi yamehamia sebuleni. Mke wangu Gaudiosa ameuliza sisi na mama yake tutakaa wapi. Nimemwambia Lusaka hawakuuliza maswali ya namna hiyo.
Ukumbi bila jukwaa si ukumbi. Nimechukua vichanja vinne vya Gaudiosa vya kuanikia kahawa, mbao nzuri kabisa. Kahawa nimeimwaga kwenye mikeka, chini. Gaudiosa amenikumbusha kuwa hiyo ndiyo itakayonunua bati za nyumba. Najua. Jua la juu na la chini ni lilelile.

Jumamosi, 16 Julai.
Edmund ameandika kwenye ukuta wa baa: UKUMBI WA MIKUTANO. Saa hiyohiyo nikaandika kwangu: UKUMBI WA MIKUTANO WA KIMATAIFA. Jioni akaongeza: NYAMA CHOMA IPO. Nikakoleza herufi za KIMATAIFA.
Manyunyu tangu asubuhi. Gaudiosa anaingiza mikeka, anatoa, anaingiza. Nilitaka kumsaidia, lakini nilikuwa napaka chokaa.

Jumatatu, 18 Julai.
Bi Tumpe amekagua. Akagusa ukuta, akafuta kidole kwenye kitenge, akasema hapa angalau hapanuki pombe. Ushindi. Nimepita mbele ya baa mara tatu, taratibu, ili Edmund auone uso wangu.

Jumatano, 20 Julai.
Wamekuja, gari mbili. Watu zaidi ya sitini. Ubaridi umezuia chokaa kukauka, kwa hiyo walioegemea ukuta wametoka na migongo myeupe.
Nikamkaribisha Mzee Kilian. Akasimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.
“Jamani, Placidi amesema mimi nilijenga,” akasema. “Sikujenga. Nilikuwa nachemsha chai ya mafundi. Siku wageni walipofika tuliwekwa nje ya uzio. Ndani sikuingia.”
Mkuu wa wanunuzi, mtu mnene mwenye koti, akainuka na kumpisha kiti cha mgeni rasmi. Mzee akakaa, akatazama dari la banda langu kwa muda mrefu, kama mtu aliye kanisani.
Mkuu akapanda jukwaani. Vichanja havikukusudiwa watu wa namna ile. Akazama mpaka magotini.
Bi Tumpe akaamuru mkutano uhamie uani. Uani kulikuwa na kahawa ya Gaudiosa. Mkuu, huku akijipangusa, akachota kiganja, akanusa, akawaonyesha wote. Akasema: hii imelala chini, inanuka udongo, ya namna hii tutanunua kwa bei ya chini kabisa. Gaudiosa alikuwa amesimama palepale.
Kisha wote wakaenda kula nyama kwa Edmund. Mzee Kilian peke yake alibaki ukumbini, amekaa.

Alhamisi, 21 Julai.
Gaudiosa amebomoa jukwaa mwenyewe, amerudisha vichanja. Neno moja tu: “Placidi, zile zilikuwa bati.” Nimekosa usingizi kwa ajili ya neno hilo, karibu nusu saa.

Ijumaa, 22 Julai.
Habari nzito redioni. Msumbiji watapiga kura Oktoba. Watakuja waangalizi wa mataifa, na wakipitia Songea kwenda Chiwanda na mpakani, lazima walale Mbinga. Watahitaji hoteli. Nimepima nyumba yetu kwa hatua: vyumba vitatu vya wageni vinapatikana, na bafu, endapo Gaudiosa na mama yake watahamia jikoni. Nitamweleza leo, akishamaliza kulia.