Kusawazisha Maji Mbele ya Utepe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mheshimiwa Makamu wake, Mheshimiwa Kaimu Makamu, ambaye amepata udhuru na anawakilishwa na koti lake pale kitini, Mama Mkuu wa Shule, Mwalimu wa Kemia, wazazi wenzangu, wadau wa maendeleo, na ninyi watahiniwa mlionisubiri juani tangu asubuhi kwa uzalendo uliotukuka: nikisema Kemia, mnaitikia Juu. Kemia! (Wanafunzi: Juu.)

Ndugu zangu, mimi si mtu wa maneno mengi, kwa hiyo nitatumia saa mbili tu kueleza kwamba, kwa kuzingatia mpango mkakati, upembuzi yakinifu na fremuweki shirikishi ya kujenga uwezo wa wadau, ofisi yangu, yaani mimi, imeona watoto hawa wenye mtihani wa vitendo Jumatatu wapate maabara, ambayo utekelezaji wake umefikia asilimia mia moja na ishirini, kiwango ambacho hata mimi sikukitarajia. (Makofi. Mjumbe mmoja anazinduka usingizini na kupiga ya kwake wenzake wakishanyamaza.)

Wapo wanaosema eti sijui Kemia. Nileteeni ubao. (Ubao unaletwa.) Mwalimu ameandika swali la wanaoanza: haidrojeni inaungana na oksijeni, yanapatikana maji, sawazisha. Nahesabu. Upande huu zimeingia oksijeni mbili, upande ule, ndani ya maji, imetoka moja. Mwingine angeshtuka. Mimi niliyezeekea ofisini najua kwamba katika kila mbili zinazoingia, moja kupotea njiani ni jambo la kawaida la kiutawala. (Kicheko. Mwalimu wa Kemia anatikisa kichwa.)

Mwalimu haridhiki. Basi, kwa mamlaka niliyopewa, naongeza oksijeni moja kwenye maji, kwa kuandika mbili ndogo hapa chini. Pande zote zimelingana, tena bila kuunda kamati. (Vigelegele kutoka meza kuu.) Mwalimu ananinong'oneza kwamba hayo si maji tena, ni ile dawa ya kupaushia nywele. Naifahamu sana. Mke wangu anaitumia kwenye saluni yake mpya, ile yenye vigae vyeupe na sinki ndefu zenye mabomba yaliyopinda shingo, ambayo hamwezi kuiona mahali pengine popote mjini. (Minong'ono. Mama Mkuu wa Shule anainamisha uso.)

Namwona binti wa mlinzi wetu amenyoosha mkono. Sema, mwanangu.

(Mwanafunzi: “Shikamoo, mheshimiwa. Namba ndogo za chini haziguswi. Unaweka mbili mbele ya haidrojeni na mbili mbele ya maji, basi. Hakuna atomi inayopotea. Kilichoingia lazima kitoke. Na baba aliona lori la vigae na sinki likiingia hapa getini. Jumatatu sisi tutafanyia mtihani wapi?”)

(Kipaza sauti kinakoroma.)

Marahaba. Mtoto ana akili, nami namwombea zisije zikamponza. Nimesikia uchungu wako, binti, na kusema kweli hata mimi umenigusa, hasa hapo kwenye lori. Nakubaliana nawe kwa moyo mkunjufu: hakuna kilichopotea. Kwa lugha ya kitaalamu, vifaa vimehamishiwa katika mazingira rafiki zaidi kwa matumizi endelevu. (Mwalimu wa Kemia anafuta ubao polepole.)

Sasa nakata utepe. (Anakata. Nyuma ya utepe ni ukuta wa bweni, uliochorwa mlango.) Namshukuru fundi rangi, mlango umependeza mpaka nimejikuta natafuta kitasa. Namshukuru shemeji yangu mkandarasi, aliyejenga bila kuwasumbua wanafunzi hata kwa kelele za nyundo. Na zaidi namshukuru mke wangu, ambaye kwa huruma ya mzazi amekubali watahiniwa wafanyie mtihani kwake Jumatatu, mradi wamalize kabla wateja hawajafika. Kila mtu aje na taulo lake.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nimeipenda kaulimbiu ya binti, tufunge nayo. Kilichoingia!

(Wanafunzi wote: Kimetokea mlango wa nyuma.)