Nilivyombeba Bibi Nazira

Jumatatu, 3 Juni
Rimonda mchoraji katundika turubai la mita tisa kwenye gereji hapa Karantina. Atauchora mtaa mzima, kila mtu akifanya alichofanya dakika ile ya kwanza, bandari ya Beirut ilipolipuka. Tanios kinyozi atachorwa akifagia vioo. Ufagio! Mimi nimesema nilimbeba jirani yetu Bibi Nazira mgongoni, ghorofa nne. Nimepewa katikati.

Miaka minne nasimulia hivyo, na mama anajivunia. Kasoro ni ndogo tu: Bibi ndiye aliyenibeba mimi. Lakini ngazi zilikuwa zilezile.

Jumanne, 4 Juni
Nimempelekea Bibi mkate wa zaatari, wenye viungo na ufuta, nikamwomba akakae mgongoni kwangu achorwe. Kaula wote. Kauliza kama mama ataiona picha. Nikamwambia ameshaalika mashangazi wote kutoka Zahle. Akasema basi atakuja. Mwanamke mwelewa.

Jumatano, 5 Juni
Mgongo wangu! Bibi ana miaka sabini na minane na uzito wa jokofu. Rimonda akalalamika kuwa magoti yangu yanatetemeka. Nikamweleza ni hisia. Tanios akauliza kama na siku ile nilipumzika kila dakika mbili. Nikamwambia afagie.

Mara ngazi ya chuma ya Rimonda ikaanguka. Paa! Kufumbua macho, niko barabarani, chali, Bibi Nazira kanishika makwapani, anahema.

"Usiogope, mjukuu wangu. Nimekushika."

Maneno yaleyale ya siku ile. Hakuna aliyecheka, hata Tanios. Rimonda kashika mkaa, anachora.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwambia Rimonda amekosea nani anamwokoa nani. Kasema hajakosea. Nikaomba walau damu kidogo kwenye paji la uso. Kakataa. Nikamwomba Bibi anitetee. Kasema miaka minne amenifichia, sasa amechoka.

Jumamosi, 15 Juni
Picha imefunuliwa. Katikati, kikongwe anaburura lijitu lililoachama mdomo. Mama kaitazama. Akaenda kumbusu Bibi Nazira mkono, akarudi kwangu. Nikasubiri kofi.

"Kumbe ningekukosa," akasema, akanikumbatia hadi shati likalowa.

Nami machozi yalinilenga. Vumbi la gereji.

Baadaye nikawaweka sawa mashangazi: hapo namfundisha Bibi kuokoa majeruhi, ndiyo maana nimelala kwa ustadi vile. Shangazi wa tatu anaelekea kuamini.