Nilivyowashibisha Wadudu wa Dokta Nakato

Leo nimeumbuka. Nawaandikia ninyi ndugu zangu wa Namuwongo mapema, kabla hamjaisikia kwa yule jirani yenu dereva wa jeshi, maana yeye ataongeza chumvi, na chumvi ndiyo peke yake iliyobaki madukani.

Kazi yangu mnaijua. Naosha chupa katika maabara ya Dokta Nakato, kule kilimani. (Zamani nilikuwa mpishi wa kantini ya polisi. Msinikatize, hilo lina maana yake. Mtu aliyewapikia askari hawezi kuona kiumbe kina njaa akanyamaza. Ni ugonjwa.) Wazungu wa maabara walikwisha kwenda kwao, Wahindi waliotuuzia vifaa nao hawapo. Tumebaki mimi, Dokta, na friji inayokohoa.

Leo ilikuwa siku kubwa. Meja mmoja anakitaka chumba chetu kiwe stoo ya magodoro ya jeshi. Dokta akamwomba neno moja tu: aje aone kazi kwa macho yake, ndipo aamue. Na maabara yote ni chumba hicho. Kikienda, kazi yake imekwenda.

Kazi yenyewe alinieleza juzi, kwa Luganda. Anafuga wadudu wasioonekana kwa macho, anawaita bakteria.

"Mzee Ramadhani," akasema, "ndani ya kila mmoja kuna jeni. Hizo ni kama maagizo ya kutengeneza vyombo vyake. Jeni ya chombo cha kuvunja sukari ya maziwa imelala. Sasa kuna protini fulani, hiyo ifikirie kama mnyapara. Akija kukaa pale mwanzo wa jeni, anawaita mafundi, na kazi inaanza. Hata virusi wana wanyapara wao, ndivyo wanavyoitawala nyumba ya wenyewe."

"Na mnyapara anaamshwa na nani?"

"Na njaa, ssebo." (Yaani bwana. Ana adabu.)

Hapo kwenye njaa masikio yangu yakajifunga. Aliendelea kueleza, mimi nimebaki na huruma tu. Maskini wadudu!

Basi leo asubuhi akatoa chupa mbili za wadudu. Moja akaitia sukari ya maziwa. Nyingine hakuitia kitu, ya kulinganisha. Akaziweka juu ya mashine ya kutikisa.

"Meja akifika nitatia dawa," akasema. "Yenye sukari itageuka njano kama bizari. Usiziguse, Mzee." Akashuka getini kumpokea mgeni.

(Aliniambia nisiguse. Naliandika hili msije mkasema nimelificha.)

Nikazitazama zile chupa. Sukari ya maziwa niliwahi kuilamba, ni kama chaki. Na hawa ndio wa kutuokoa! Askari unampeleka vitani tumbo tupu? Mfukoni nilikuwa na kopo la glukosi, nililolipata sokoni Kikuubo kwa mama mmoja anayeficha mali chini ya maharage. Lilikuwa la mke wangu Zamu, apate nguvu baada ya malaria. Nikasema, Zamu atasamehe kijiko. Nikatia kijiko. Chupa ya pili nayo ikanitazama. Nikaitia, sikubagua. Kisha nikaongeza, maana mpishi hupima kwa macho.

Meja alichelewa mpaka adhuhuri, na wadudu, jamani, walinenepa! Maji yakawa mazito kama ya kuoshea mchele. Nikajipigia makofi peke yangu.

Meja akaingia na askari wawili, viatu vinang'aa. Yeye Kiswahili cha kambini, Dokta Kiswahili chake cha kubahatisha. Kwa hiyo nikasimama katikati kutafsiri, kifua mbele.

"Hawa wadudu mnawatoa wapi?" Meja akauliza.

Dokta akanijibu kwa Luganda.

"Tumboni mwa watu, afande. Anasema... wanatoka na choo."

Glukosi ya Zamu!

Dokta akatia dawa. Tukangoja. Akaichukua ile chupa ya sukari akaiinua dirishani. Hata alama ya njano hakuna. Meja akatazama saa.

"Njano iko wapi?"

Basi mimi, kwa akili zangu hizi, nikaona niokoe jahazi. "Afande, labda hawajashiba. Ngoja niwaongeze!" Nikalitoa kopo mfukoni mbele ya wote. (Kwa mkono wangu mwenyewe! Hakuna aliyenipekua!)

Dokta akalitazama kopo. Akazitazama chupa.

"Mzee. Umewapa glukosi?"

"Kidogo tu, Dokta. Walikuwa na njaa."

"Njaa ndiyo inayomwamsha mnyapara," akasema polepole. "Glukosi ni chakula rahisi. Wakiwa nayo, mnyapara hakai kwenye jeni, mafundi hawaitwi, sukari ya maziwa hawaijali mpaka glukosi iishe. Umewashibisha, Mzee."

"Tafsiri," Meja akasema.

Ningefanyaje? Nikatafsiri. Nilijishtaki mwenyewe kwa Kiswahili safi.

Meja akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe wakishiba hawafanyi kazi! Kama hawa wangu!" Askari nao wakacheka, kama kwa amri. Nikaona tumaini. Halafu akajifuta macho, akagonga ukuta kwa fimbo yake.

"Chumba kizuri. Hakivuji. Magodoro yanakuja kesho."

Dokta hakunigombeza. Angepiga kelele, ningepona. Alizipanga chupa zake kwenye kikapu, akazishindilia pamba zisigongane. Kopo langu akalipangusa, akanirudishia.

"Mpe Bi Zamu pole yangu."

"Dokta, turudie kesho. Nitakaa nje kabisa."

"Kesho tutarudia wapi, Mzee?"

Nikambebea kikapu mpaka getini.

Nyumbani Zamu akalitikisa kopo. "Nyingine iko wapi?" Nikamweleza yote. "Mimi nimelala na homa, wewe unalisha wadudu wa chooni?" Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikuweza. Kesho nimeambiwa nikasaidie kupanga magodoro.

Basi msinicheke, Zamu amekwisha cheka kwa niaba yenu. Na kuanzia leo, nikimwona mwenye njaa, nitamuuliza kwanza ana kazi gani.